Michoro mipya ya kufuma msimu huu: ipi inalipa, ipi itakula mtaji wako

Mwakeye wapambanaji. Kwa wasiojua Kiha, hiyo ni salamu ya asubuhi, na kweli naandika asubuhi hapa dukani Mwanga kabla wateja hawajaanza kuingia.

Leo tuongee kuhusu kufuma. Najua humu wengi mnauza viatu, vipodozi na mitumba, ila tupo wengine tunauza sweta, vitopu, vitambaa vya makochi na nguo za watoto zilizofumwa kwa mkono. Kila mwaka ikifika Juni simu zetu zinajaa picha za mitindo mipya. Mteja anatuma picha, anaandika "hii unaweza?" Mwenzako anaiposti. Ukiona wanne wameiposti unakimbia kununua uzi. Mwezi mmoja baadaye uzi upo kwenye mfuko chini ya kaunta na hela ya kodi ya fremu huna. Mimi yamenikuta zaidi ya mara moja, ndiyo maana nataka niseme ninavyoiona mitindo ya msimu huu kwa jicho la muuzaji. Mfumaji anaangalia kama inapendeza. Muuzaji inabidi aangalie inakula uzi kiasi gani, inakaa mkononi siku ngapi, na nani wa huku ataivaa.

Nijitambulishe kidogo. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo tusiyaongelee. Kufuma nilifundishwa na mama mkubwa kule Ujiji, mengine nimejifunza YouTube kwa bando la usiku. Sasa nina fremu ndogo, nauza nyuzi na vitu vilivyofumwa, na nina wafumaji watatu ninaowalipa kwa kipande, akiwemo huyo huyo mama mkubwa. Naposti Instagram na kwenye stetasi za WhatsApp, mizigo natuma kwa basi.

Tuanze na kalenda, maana hapo ndipo wengi tunapotea. Michoro hii tunayoshusha kwenye simu inatoka Ulaya, Marekani, Japani huko. Wanaoitengeneza wanafuata hali ya hewa ya kwao. Juni kwao ni joto, kwa hiyo wanatoa vitopu vya matundu na nguo za ufukweni. Septemba na Oktoba kwao baridi inaanza, wanatoa masweta mazito. Sasa geuza huku kwetu. Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi: Kigoma mjini siyo sana, ila panda Kasulu au Buhigwe asubuhi uone, na Njombe na Makete huko usiseme. Septemba mpaka mvua zianze, hapa kando ya ziwa joto linatupika. Ukifuata wanachoposti wao, utauza vitopu wakati wa baridi na sweta wakati wa jua. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Nilifuma sweta 6 mwezi wa tisa kwa sababu zilikuwa zinapendwa sana mtandaoni. Niliuza 1, tena kwa mtu aliyekuwa anasafiri.

Kwa hiyo ninachofanya sasa, michoro mipya ya joto naihifadhi tu Juni, nafuma sampuli taratibu, naanza kuiuza Septemba. Na masweta yanayotoka Oktoba nayaweka mpaka Aprili, nianze kufuma ili Juni nikiposti mteja wa Njombe akute mzigo upo. Hakuna mteja wangu hata mmoja aliyewahi kuniambia "huu mchoro ni wa mwaka jana."

Haya, mitindo yenyewe.

Vitopu na magauni ya wavu, yale ya matundu makubwa, ndiyo yameshika msimu huu. Mama mkubwa nilipomwonyesha alicheka, akasema wavu ni wa dagaa. Lakini mimi naupenda huu mtindo kwa sababu ya hesabu yake. Matundu hayali uzi. Kitopu kimoja kinakwenda bonge 1 na nusu za gramu 100, na mfumaji mzoefu anakimaliza siku 2. Tatizo lipo kwenye uzi wenyewe. Ukitumia uzi wa kawaida wa sweta, huu wa plastiki, msichana wa Kigoma akikivaa mchana anahisi amevaa oveni. Ukitumia pamba kinapumua vizuri, ila pamba ni nzito, na ikilowa inavutika. Kitopu kinatoka kwako kinafika kiunoni, kikifuliwa na kuanikwa kwa kuning'inizwa kinafika mapajani. Nilirudishiwa 2 kwa sababu hiyo. Dawa ni kufuma kifupi kidogo kuliko mchoro unavyosema, kutumia kroshia nyembamba kwa namba moja ili matundu yakaze, na kumwandikia mteja kikaratasi: anika kwa kulaza. Na muulize anavaa na nini ndani. Wengi wakikipokea ndiyo wanakumbuka kwamba kinaonyesha, hapo inakuwa kesi yako.

Sweta la vimraba, lile la vipande vidogo vya rangi mbalimbali vilivyounganishwa. Linarudi kila mwaka na kila mwaka wanaliita jipya. Picha zake zinavutia kuliko kitu chochote ninachoposti, nikiweka moja stetasi inatazamwa mpaka na watu wasionisalimia. Lakini sikiliza. Sweta moja la mtu mzima kwangu linakula bonge 6. Uzi wa kroshia unaenda zaidi kuliko wa sindano mbili, hilo kila mfumaji analijua. Bonge nanunua 4,000, hiyo ni 24,000. Halafu vimraba 50 na zaidi, kila kimoja na mikia yake ya uzi ya kufichwa kwa sindano. Mama mkubwa alikaa na la kwanza siku 9. Nikampa 20,000, nikaliuza 50,000, nikajiona mjanja nimebaki na 6,000. Aliponiuliza nimeuza bei gani nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi nimekaa nalo siku tisa." Sikuwa na jibu. Siku 9 kwa 20,000 haifiki hata 2,500 kwa siku, na huyu ni mama yangu.

Sasa sweta hilo silifumi mpaka liwe na oda na bei ianzie 75,000, mfumaji apate 35,000. Wateja wanaokubali ni wachache, wengi wapo Dar na Arusha. Huku nikitaja bei naambiwa "mtumba ni elfu tano dada." Ni kweli, mtumba upo. Sibishani naye, namwonyesha vitu vingine.

Kama unataka kutumia vimraba bila kuumia, fanya mikoba. Mkoba mdogo ni vimraba 13 tu, unakunywa mabaki ya uzi yaliyobaki kwenye kazi nyingine, na ndani unashonea kitambaa cha kitenge. Hapa vipande vya kitenge havipatikani kwa shida, mafundi cherehani wanavyo kwenye mifuko. Mkoba huo nauza 18,000 na ndiyo unaonilipia umeme.

Sweta za watoto wachanga zinazofumwa kuanzia shingoni kushuka chini, bila kushona mabega. Huu ndiyo mtindo bora kuliko yote, na kwenye picha ndiyo unaoonekana wa kawaida kuliko yote. Faida yake ni kwamba ukikosea kipimo unaona mapema, na mtoto akikua unaweza kuongeza chini na kwenye mikono. Seti ya sweta na kofia: uzi 6,000, mfumaji 7,000, vifungo na mfuko 1,000. Jumla 14,000, nauza 22,000. Siku 2 imeisha. Watoto wanazaliwa kila siku, hata ziwa likifungwa wanazaliwa. Kofia za kufunga kidevuni zimependwa sana msimu huu, mimi nazifuma ila kamba naweka fupi na namwambia mama asimlaze mtoto nayo. Na uzi wa manyoya usiuweke kwenye nguo ya kichanga hata mteja akilia. Manyoya yanatoka, mtoto anayala.

Midoli ya kufuma, ile Wajapani wanaiita amigurumi. Inapendeza, inafundisha mkono, lakini kwa soko langu hapana. Mdoli wa urefu wa kiganja unakula siku nzima, na mzazi anaulinganisha na mdoli wa dukani wa buku tatu. Ukipata mteja wa zawadi, sawa. Macho mfumie kwa uzi, usiweke ya vifungo, mtoto mdogo ataking'oa akimeze.

Vitambaa vya makochi vya ua la nanasi. Vijana wanaona ni vya kizamani, na kweli bibi zetu walivifuma. Msimu huu naona michoro yake imetoka upya kwa rangi za udongo na kijani iliyofifia, badala ya nyeupe tu. Mimi nasema vifume. Nauza seti moja ya makochi bei ya vitopu 5, mnunuzi ni mama mwenye nyumba yake, au kamati ya kicheni pati inayotafuta zawadi, na hawa hawasumbui. Wanalipa, wanashukuru, wanaleta dada zao.

Kuna na kofia za kufuma za wanaume, za kuswalia. Ujiji hazikosi mteja mwezi wa Ramadhani ukikaribia. Hizo sina maoni ya mtindo, mteja anajua anachotaka, wewe ni kuwa na ukubwa wote na kuanza miezi 2 kabla.

Sasa nije kwenye jambo lililonisukuma kuandika, maana msimu huu limezidi.

Mwaka jana, mwezi wa nane, dada mmoja wa Kasulu alinitumia picha ya gauni la kufuma la send-off. Jeupe, mikono mirefu, kuanzia kiunoni kushuka chini ni mawaridi matupu, yaani waridi juu ya waridi, na mkia unaburuzika. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Nikamwambia naweza. Sikuuliza mara mbili, nilikuwa naiona ile posti yangu nitakayoiweka likikamilika. Akatuma kianzio 60,000. Nikanunua bonge 14 za pamba nyeupe, kwa 6,000 kila moja, 84,000. Nikatafuta mchoro wake mtandaoni, nikaukuta unauzwa dola 5, nikamwomba jamaa mwenye kadi anilipie, ikawa kama 13,000.

Mstari wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili sawa. Wa tatu idadi ya matundu haikutimia. Nikafumua nikidhani nimekosea kuhesabu. Nikafumua tena. Nikampelekea mama mkubwa, akakaa nao siku 4, naye hesabu ikagoma. Nikatuma kipande cha kifua kwa basi ili dada akijaribu, kwenda na kurudi 6,000, kikawa kama gunia. Jioni moja mama mkubwa akachukua simu yangu, akaikuza ile picha mpaka waridi moja likajaa kioo. Akaitazama muda mrefu. Akasema, "Hili ua halina mwanzo."

Nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza kitu ambacho nilikuwa nakijua kwa vidole bila kukijua kwa akili: ua lolote la kroshia lina mahali lilipoanzia. Kuna kitanzi katikati, halafu uzi unazunguka, kila petali imeshikilia petali ya nyuma yake. Unaweza kuufuata uzi kwa jicho. Kwenye ile picha petali zilikuwa zinayeyukiana. Uzi unaingia hautoki. Vifungo vya mgongoni havikuwa na tundu wala kitanzi. Lilikuwa gauni ambalo halijawahi kufumwa na mtu yeyote duniani. Picha imetengenezwa na akili mnemba, na mtu akaiandikia maelezo ya uongo akayauza.

Nilimrudishia dada 60,000 yake yote. Mchoro 13,000, basi 6,000, mama mkubwa nilimlipa 20,000 ya siku zake japo hakutaka kupokea. Hiyo ni 39,000 imekwenda, na 84,000 ikalala kwenye pamba nyeupe miezi. Lakini kilichoniuma ni sauti ya yule dada. Hakutukana. Alisema tu, "Kwa hiyo hata wewe hukuliona?" Zilikuwa zimebaki wiki 3. Alikwenda kwenye send-off yake na gauni la kukodi.

Basi jamani, mteja akituma picha, kabla ya kuandika "naweza" fanya hivi. Ikuze. Tafuta ua lilipoanzia. Tazama mahali mkono unaposhikana na bega, maana hapo kazi ya kweli huwa na mshono au mstari unaobadilika, picha ya uongo inapapita kama maji. Omba picha ya mgongoni na ya ndani. Mtu aliyefuma kitu kweli anazo picha kumi zake, zingine mbaya mbaya, kikiwa nusu, kikiwa kwenye meza na kikombe cha chai pembeni. Kama mchoro unauzwa, angalia kama kuna wanunuzi waliofuma wakaonyesha vyao. Ukikuta picha moja tu safi kama ya malaika, kimbia. Na ukisema haiwezekani, mwambie mteja kwa upole, mpe cha kufanana nacho ambacho ulishakifuma. Wengi wanakubali.

Jambo la lugha nalo linakula hela. Michoro mingi ni ya Kiingereza na ina vifupisho. Mimi Kiingereza changu ni cha kubahatisha, kwa hiyo nilivikariri tu. Kumbe Wamarekani na Waingereza wanatumia herufi zilezile kwa vitu tofauti. Dc ya Marekani ni nguzo ndefu, ambayo Uingereza wanaiita tr. Dc ya Uingereza ni nguzo fupi, ambayo Marekani wanaiita sc. Nilifuma kofia ya mtoto kwa mchoro wa Uingereza nikidhani ni wa Marekani, ikatoka ndefu kama ya mpishi. Alama rahisi: ukiona sc popote kwenye maelezo, huo ni wa Marekani, maana Waingereza hawana sc kabisa. Usipoiona, soma ukurasa wa mwanzo, huwa wanasema.

Kama Kiingereza kinakusumbua zaidi, tafuta michoro ya alama, hasa ya Kijapani. Haina maneno mengi, ni picha ya kazi nzima: kiduara kirefu ni mnyororo, msalaba mdogo ni nguzo fupi, T yenye mkwaju mmoja ni nguzo ndefu. Mama mkubwa hasomi Kiingereza hata neno, ila ukimpa mchoro wa alama anafuma bila kuuliza. Mimi mwenye cheti ndiye niliyekuwa nashindwa.

Kwenye hesabu, nunua mizani ya jikoni. Sio lazima ghali. Pima bonge kabla ya kuanza sampuli, pima kilichobaki ukimaliza, tofauti ndiyo uzi uliotumika. Andika kwenye daftari pamoja na siku ulizotumia. Mchoro ukisema gramu 300 usiamini mpaka mizani yako iseme, kwa sababu mkono wa kila mfumaji unakaza tofauti. Mfumaji wangu mmoja anakaza sana, sweta ya miaka 2 ikitoka kwake ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo yeye nampa kroshia nene kidogo. Na unaponunua uzi wa kazi moja, angalia namba ya rangi kwenye karatasi yake. Nyeupe na nyeupe zilizotiwa rangi siku tofauti hazifanani, ukiziunganisha juani unaona mstari. Nunua wote kwa pamoja na ongeza bonge moja.

Mtu akikuuliza kwa nini cha kwako ni ghali wakati kuna vya kufuma vinavyotoka nje kwa bei ya kutupa, kumbuka kwamba kroshia mpaka leo ni kazi ya mkono. Mashine za kufuma sweta zipo tele, ila kroshia halisi ni vidole. Kile cha bei ya kutupa nacho kuna mtu alikaa nacho, sijui alilipwa nini. Hii huwa simwambii mteja, najiambia mwenyewe ninapotaka kushusha bei ya mfumaji.

La mwisho ni muda wa kuposti, na hili watu wa bara mtanicheka. Huku hela inafuata mwezi. Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa Kibirizi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika, wanashona nyavu, mfuko umekauka mpaka kwa mama wa maandazi. Kwa hiyo vitu vya bei ya juu kwa wateja wa hapa naposti siku za giza, na mbalamwezi naposti vya 5,000 na 8,000, bendi za nywele, vikofia. Watumishi nawaposti mwisho wa mwezi kama kila mtu. Wewe wa Shinyanga au Mtwara una mwezi wako pia, labda ni pamba, labda ni korosho, utafute.

Hilo nililijifunza vibaya. 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike. Mimi Aprili nilikuwa nimejaza mzigo wa mtaji wote, nikitegemea wateja wa Kibirizi na Katonga. Miezi 3 mwambao ulikuwa kimya. Nikaanza kuposti kwa nguvu nikitafuta watu wa mbali, nikapata mteja Njombe, akaleta shemeji yake, akaleta mwalimu mwenzake. Fremu haikufungwa. Leo nusu ya mauzo yangu ni watu ambao sijawahi kuwaona uso.

Wiki hii nafuma vitopu 3 vya wavu kwa ile pamba nyeupe ya gauni, vya kusubiri Septemba. Mama mkubwa amekubali kufuma kimoja, anasema ni cha kumwonyesha tu kwamba anaweza. Na juzi nimepata ujumbe kutoka kwa yule dada wa Kasulu. Ana mimba ya miezi 6, anataka shali ya mtoto, ametuma na picha. Nimeikuza. Halafu nikamwandikia: dada yangu, naomba na picha ya upande wa pili.